Maji Yetu Yalitutangulia Pwani

Donholm, hapa Nairobi, ni mtaa wa matangi. Panda juu ya nyumba yoyote ya Phase 5 au Phase 8, utazame upande wa barabara ya Outer Ring: kabla hujaona antena wala nguo zilizoanikwa, utaona matangi meusi ya plastiki, mengine juu ya paa, mengine yamepandishwa kwenye vyuma pembeni mwa lango. Zamani za mkoloni hapa palikuwa shamba la ng'ombe wa maziwa, Doonholm, na hata Jogoo Road iliitwa Doonholm Road kabla ya kubadilishwa jina. Nyumba zilizojengwa baadaye zilipimwa kwa familia moja moja. Leo wenye nyumba wamepandisha ghorofa juu ya ghorofa, wapangaji wamejaa, na bomba ni lile lile. Tangu mgao wa maji ulipoanza Nairobi mwaka 2017, kila nyumba hapa inajua siku yake, na siku hiyo mwenye akili hatoki kwenda popote kabla tangi halijajaa.

Basi hiyo ndiyo akili niliyokwenda nayo likizo. Wenzangu kazini walikuwa wametoka Ugiriki na Uturuki, wakatuonyesha picha za miji ya mawe inayoteremka hadi baharini, makanisa ya kale, ngome, fukwe, meza za chakula chini ya mizabibu. Mume wangu alikuwa ameanza kupiga hesabu ya Dubai. Mimi nikasema miji ya mawe tunayo, ngome tunayo, bahari tunayo, na hakuna atakayetuomba viza. Lakini aliyekata shauri hasa ni mama mkwe. Alikuwa amekuja kukaa nasi kutoka Makueni, alikuwa hajaiona bahari maishani mwake, na alishasema mapema kwamba ndege hapandi.

Tulichukua treni ya asubuhi pale Syokimau, ile inayosimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei na Voi. Wengi hupendelea ile ya haraka. Mimi namshauri mtu achukue ya asubuhi, kwa sababu Tsavo huonekana mchana kweupe, na kwa sababu wanaopanda na kushuka vituoni ndio nchi yenyewe. Susu, maana ndivyo watoto wanavyomwita nyanya yao kwa Kikamba, alikaa dirishani na hakulala hata kidogo. Tulipovuka daraja refu la Mto Tsavo, mwanawe akaanza kumweleza habari za chemchemi za Mzima: kwamba mvua ya milima ya Chyulu huzama kwenye miamba ya volkeno, ikaja kutokea chini huko ikiwa imechujika, na kwamba tangu miaka ya 1950 bomba limekuwa likiyapeleka maji hayo mpaka Mombasa.

Susu alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo Mombasa wanakunywa maji ya Chyulu," akasema, "na sisi tunaoiona Chyulu kila asubuhi tunanunua ya punda."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anaweka rekodi sawa.

Mombasa tuliipita upesi. Fort Jesus nitaitaja kwa jambo moja tu. Kila mtu huelezwa mizinga na kuta: kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano wa Milano, na kwamba UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Lakini nenda utazame kisima, na birika la kukinga maji ya mvua. Waarabu wa Oman walipoizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, waliokuwa ndani hawakuishi muda wote huo kwa baruti. Kiongozi aliyetutembeza aliniambia mimi ndiye mgeni wa kwanza wiki hiyo kumuuliza habari za maji kabla ya habari za mauaji. Nikamwambia natoka Donholm. Akacheka, ana ndugu yake mtaa jirani wa Umoja.

Malindi tulikuwa tumepanga nyumba ya likizo, tuliyoiona kwenye simu ikiwa na bustani na kidimbwi cha kuogelea. Bustani ilikuwepo. Mabomba yalipofunguliwa yalikohoa, yakatoa hewa, yakanyamaza. Mlinzi wa nyumba, kijana mpole sana, akasema maji yatakuja kesho kutwa, akaondoka na kurudi na mkokoteni wa mitungi ya manjano. Watoto walikuwa karibu kulia. Susu alifurahi mno. Alikuwa amekaa siku nzima kati ya watu na vitu asivyovijua, na sasa kumbe kuna jambo analolijua kuliko sisi sote. Akapanga mitungi: wa kupikia, wa kunywa baada ya kuchemsha, wa kuoga, na maji ya kuoshea vyombo yakawekwa kando ya choo. Ndani ya saa moja nyumba ile ilikuwa inaendeshwa kama nyumba ya Donholm siku ya tano bila mgao.

Asubuhi tukaenda ufuoni, na bahari ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa.

Watoto walisimama. Walikuwa wameahidiwa buluu. Binti yangu akaniuliza kama hapa ndipo, au bahari iko mbele zaidi. Muuza madafu aliyekuwa akinoa panga lake karibu nasi ndiye aliyemjibu: "Hiyo ni Sabaki, mwanangu. Ikinyesha kwenu bara, sisi huku twaiona."

"Sabaki ni nini?" Susu akauliza.

"Mto, mama. Hapo juu kidogo ndipo waingia. Huko juu zaidi wauita Galana."

"Na Galana inatoka wapi?"

"Athi."

Susu akanigeukia mimi, si mwanawe. Mto Athi anaujua. Ndio mpaka wa kwao na Kitui; usichana wake ulikuwa kuteremka bondeni na punda, na wazee wa kwao wanakumbuka wakati ambapo watu waliyanywa maji yake bila kufikiri mara mbili. Miaka ya baadaye ukawa mto unaoshuka na povu na harufu, na kila mtu wa Makueni anajua povu hilo linatoka wapi. Mto Nairobi unaingia Athi. Mto Ngong, ambao hutoka upande wa Kibera, ukapita Viwandani na Mukuru hapo jirani yetu, unaingia Mto Nairobi. Maji taka ya Eastlands, upande wetu wa jiji, hupelekwa kwenye mabwawa ya Ruai, yakisafishwa yanamwagwa mto huo huo. Na yale yasiyofika Ruai, kila mkazi wa Eastlands anajua yanakopita.

Basi tulikuwa tumesafiri siku nzima kwenda kuyaangalia maji yetu wenyewe.

Sitaki kuzidisha. Rangi ile ya chai kwa sehemu kubwa ni udongo: mashamba ya bara yaliyolimwa kwenye miteremko, miti iliyokatwa kwa makaa, kingo za mito zilizochokonolewa mchanga wa ujenzi. Mvua za vuli huushusha udongo huo mpaka baharini, na kwa kuwa Desemba upepo wa kaskazi unasukuma maji kuelekea kusini, unakuja moja kwa moja ghuba ya Malindi. Kusi ikianza kuvuma, husukumwa upande wa pili. Kwa miaka mingi mchanga huo umejaza ufuo, bahari ikasogea nje, na hoteli zilizojengwa maji yakiwa mlangoni sasa wageni wake hutembea kipande kizuri kabla ya kulowa. Mtu anayefungasha kwenda Malindi wakati wa Krismasi akitegemea kioo atauziwa chai, na hakuna wa kumlaumu pale Malindi.

Waitaliano, kwa upande wao, hawajali. Wameipenda Malindi kwa miongo mingi, wao wenye Sicilia na Amalfi kwao. Vibao vya maduka viko kwa lugha yao, vijana wa ufuoni wanajadiliana bei kwa Kiitaliano fasaha, na kule Ngomeni, kaskazini ya mji, Italia iliweka kituo cha kurushia setilaiti baharini miaka ya 1960. Sisi tuliokuja kutoka Nairobi hatukusumbuliwa na muuza vinyago hata mmoja. Walitupita, wakamkimbilia mzee mmoja mwenye kofia ya majani. Mume wangu aliumia kidogo. Mimi niliona ni raha kubwa.

Siku iliyofuata tukaenda Gedi, mapema kabla ya mabasi ya wageni na kabla kima hawajaamka vizuri, maana wakishaamka mkono wenye ndizi si wako tena. Mwongozaji akamsalimu Susu, "Shikamoo, mama." Susu, ambaye kwao hakuna shikamoo, akajibu, "Nzuri, kijana," na mambo yakaenda.

Mji huu unachanganya. Hauko baharini; ni mwendo wa kilomita kadhaa ndani ya msitu, mibuyu imepanda juu ya kuta. Ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, ukastawi hasa karne ya 15, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Kuna kaburi lililoandikwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399, ndilo linalowasaidia wataalamu kushika hesabu. James Kirkman alianza kuchimba hapa mwaka 1948, na nyumba alizozifukua zikaitwa kwa vitu vilivyopatikana ndani: nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya sarafu za Kichina, nyumba ya ushanga wa Venice. Nayapenda sana majina haya. Mtu alidondosha ushanga, akautafuta chini ya vitanda, akamshuku mtumishi, akakata tamaa; karne tano baadaye nyumba yake yote inajulikana kwa kitu alichokipoteza. Na ile bahari ya picha za wenzangu wa ofisini, kumbe chembe yake ilikwisha kufika Gedi karne nyingi kabla ya likizo yetu.

Nilichokigundua hapo ni kwamba mtu wa mtaa kama wetu ana faida asiyoijua mbele ya magofu. Mgeni aliyezoea nyumba isiyokatika maji hutafuta mapambo: mihrabu, zidaka, milango ya tao. Sisi tulikwenda tukiuliza maswali ya ploti. Jirani alipita wapi kufika kwake? Jiko liliwekwa wapi ili moshi usimuudhi mwenzio? Mvua kubwa ikinyesha, ua huu ulitoaje maji? Maswali hayo ndiyo Gedi inayajibu vizuri kuliko yote. Nyua zimechimbwa chini, na zina mashimo ya kupokea maji ya mvua. Nyumba zina vyoo vya ndani, na kando yake mahali pa kuogea na kutawaza. Nimewahi kuishi ploti ya Eastlands ambako choo kimoja kilihudumia mstari mzima wa milango na funguo yake ilitundikwa kwa mama mmoja aliyejiona chifu. Nilisimama mbele ya kile choo cha Gedi kwa heshima zote.

Susu alikuwa kwenye kisima cha msikiti mkuu, ameinama, anapima kwa macho.

"Huyu aliongezwa," akasema. Kwa Kiswahili cha Susu kila kitu ni mtu.

Mwongozaji akasema ndiyo, kinaonyesha kilichimbwa tena kwenda chini. Wataalamu wana sababu kadhaa za watu kuuhama mji: mashambulizi, wapiganaji Wazimba waliopita pwani mwaka 1589, shinikizo la Waoromo kutoka kaskazini, mtawala wa Malindi kuhamia Mombasa pamoja na Wareno, biashara kufuata huko. Na maji kushuka. Vitabu vya shule hupenda Wazimba, kwa sababu hadithi yao inasisimua. Susu hakuwajali Wazimba hata kidogo. Alisema kisima kikianza kuongezwa kamba, kina mama huwa wameshahama moyoni kabla ya waume zao kujua. Sijaona hoja hiyo ikiandikwa popote, na ningependa kumsikia mtaalamu akiipinga mbele yake. Mwaka 2024 Gedi nayo iliingia kwenye orodha ya UNESCO.

Tulipofika Watamu, watoto walipata buluu yao. Bahari ni hifadhi tangu 1968, mchanga mweupe, maji yakipwa unatembea hadi kwenye visiwa vidogo vya mawe ukiangalia usikanyage viumbe wenye miiba. Waliogelea mpaka ngozi ikajikunja. Watamu sina la kuiongezea. Ni nzuri tu.

Kwenda Lamu ni basi la alfajiri kupitia Garsen, kisha boti kutoka Mokowe. Njia ni ndefu, ina vizuizi vya askari, na mtu asiende nayo akiwa na haraka. Unaposhuka gatini, kitu cha kwanza ni kwamba masikio yanapumzika: magari karibu hakuna, ni punda na watu wanaosema "hebu" wakikupita na mzigo. Mji wa mawe ulioingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001 haukuzungushiwa uzio ukakatiwa tiketi. Watu wanaishi humo, wanagombana humo, wanakausha nguo humo, na mgeni anajifunza kukaa kwenye baraza bila kunyoosha miguu njiani.

Kwenye nyumba ya makumbusho ya Kiswahili niliona kitu nilichokuja kukiota. Ni birika la bafuni, la chokaa, limejengwa pembeni ya ukuta. Ndani yake zamani walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa, kwenye sakafu ya birika, wamepachika bakuli la kauri la kutoka Uchina, ili maji yakichotwa yakaisha, samaki wabaki na kidimbwi chao cha mwisho wakisubiri birika lijazwe. Nilimwita mume wangu aje aone. Alisema ni werevu. Si werevu tu. Ni watu waliojua kwa hakika kwamba siku ya maji kuisha itafika, wakamwekea akiba hata samaki. Mimi nina tangi la lita elfu na sijawahi kumfikiria hata mpangaji wa chini.

Ufuo wa Shela uko mwendo wa miguu kutoka mjini, na ni wa kilomita kumi na mbili hivi. Nyuma yake yamesimama matuta ya mchanga, marefu, yasiyo na mti. Watoto waliyapanda na kuteleza. Susu alifika chini ya tuta, akachuchumaa, akaparua mchanga kwa kiganja mpaka ukabadilika rangi, akaunusa.

"Hapa kuna maji," akasema.

Mwenyeji wetu alishtuka. "Umejuaje, mama?"

Alijua kwa sababu huko kwao, mto ukikauka, mtu haendi kutafuta maji mbali. Hufukua mchanga wa mto. Mchanga huyameza maji ya mvua na kuyaficha jua lisiyafikie. Ndivyo Ukambani ulivyoishi. Na ndivyo Lamu inavyoishi. Mvua inayonyesha juu ya matuta ya Shela huzama, ikakaa chini kama maji matamu yaliyoelea juu ya maji ya bahari, na visima vya hapo ndivyo vimekuwa vikinywesha mji. Ukiyavuta kupita kiasi, au ukiyajengea matuta, ya chumvi hupanda. Watu wa Lamu tayari wanalalamikia chumvi kwenye maji yao, na mivutano ya nani anayemiliki ardhi ya matuta imekuwepo miaka mingi. Nyumba nzuri za wageni zinaendelea kusogea, nyingine na vidimbwi vya kuogelea hatua chache kutoka baharini.

Kwa hiyo ule mchanga ambao kila mgeni anaupigia picha ndio tangi la mji, na sisi tulikuwa tunateleza juu ya kifuniko chake. Sikuwakataza watoto, kuteleza hakuharibu. Lakini jioni hiyo tuliacha bomba la mvua tukaogea ndoo na kata, na mwenyeji wetu alipotuuliza kama bomba lina kasoro, mume wangu akamwambia sisi ndivyo tunavyooga kwetu. Ilikuwa kweli.

Tuliporudi, jirani yangu wa ghorofa ya juu alinikuta langoni nikingojea lori la maji. Anapanga kupeleka familia pwani Desemba ijayo na alitaka ushauri. Nikamweleza yote: treni ya asubuhi, Gedi kabla ya jua kuwa kali, Lamu wasiende kwa haraka, na wapeleke mitungi yao. Akasema Lamu ni mbali, Gedi ni magofu, yeye anafikiria Malindi, ila amesikia bahari yake ni chafu.

Nikamweleza Mto Ngong, Mto Nairobi, Athi, Galana, Sabaki. Alinisikiliza vizuri, akatazama upande wa Viwandani kule mto unakopita, akafikiri.

"Basi twende Diani," akasema.